Kujiandaa kwa Siku Ngumu Bila Kupotezwa

Somo la juma kwa ushirika wa nyumbani

Maandiko ya kusoma kabla ya kukutana: Mwanzo 41:25-49, Yeremia 32:6-15, Matendo ya Mitume 11:27-30, 2 Wathesalonike 3:6-12, Isaya 58:6-7.



Mwezi huu swali moja limenijia mara kadhaa, kwenye ziara za nyumbani na kwenye simu. Mama mmoja aliniuliza, "Pasta, vita kila mahali, mvua haieleweki, unga umepanda. Kama dunia inaisha, kuna haja gani ya kulipa karo?" Kijana mmoja akaniambia anataka kuuza kipande cha shamba alichoachiwa na babake, pesa azile sasa, kwa sababu hakuna kesho. Na baba mmoja akaniambia kinyume kabisa: tangu Shakahola, akisikia mhubiri ametaja siku za mwisho, yeye anashika watoto wake mkono na kutoka nje.

Wote watatu wanakaa kwenye viti vya kanisa letu. Wa kwanza na wa pili wameacha kujiandaa kwa sababu wanaamini mwisho umefika. Wa tatu hataki hata kusikia neno lenyewe, na siwezi kumlaumu. Somo hili ni la hao watatu, na ni letu sote.

Swali la somo ni hili: mtu wa Mungu anajiandaa vipi kwa siku ambazo mambo tuliyoyazoea yanavunjika, na atajuaje kwamba anayemfundisha kujiandaa hampotezi?

Jibu nitalisema mapema, ili ukisoma ulipime. Mafundisho ya kweli kuhusu siku ngumu huongeza kitu mikononi mwako: akiba, ujuzi, jirani, tumaini la kupanda tena. Mafundisho ya uongo hupunguza. Yanakutoa shambani, yanamtoa mtoto shuleni, yanakutenga na jamaa zako, na mwisho yanakufikia wewe mwenyewe.

1. Mambo huvunjika kweli

Tusidanganyane. Kuna watu husema, "Mwamini tu, hakuna kitakachotokea." Hiyo si imani, ni usingizi.

Panda matatu hapa Matsangoni uelekee Malindi, ushuke Gede, uingie pale kwenye magofu. Ule ulikuwa mji. Ulikuwa na msikiti mkubwa, jumba la mtawala, nyumba za mawe zenye vyoo na visima. Mtafiti James Kirkman alichimba pale kati ya 1948 na 1958 akakuta vyombo vya kauri vilivyotoka China. Kaburi moja lina tarehe ambayo kwa hesabu yetu ni mwaka 1399. Lakini kufikia karne ya 17 watu walikuwa wameondoka, na msitu ukaingia mpaka sebuleni. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Watalii wanalipa kuja kuona mahali ambapo watu kama sisi waliwahi kuamini kwamba kesho itafanana na leo.

Wataalamu hutaja sababu kadhaa: vita vya pwani, Wareno kuvuruga biashara, na maji ya visima kuzidi kwenda chini. Angalia hiyo ya mwisho. Kisima hakikauki usiku mmoja. Kamba inaongezwa kidogo mwaka huu, kidogo mwaka ujao. Mambo mengi huvunjika hivyo, polepole, na anayeangalia kamba yake ndiye anayejua mapema.

Mengine huja ghafla. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku chache baadaye shule zikafungwa. Tarehe 8 Aprili kuingia na kutoka Kaunti ya Kilifi kukazuiliwa, mpaka mwanzoni mwa Juni. Hoteli za Watamu na Malindi zikafunga milango, na mwenye kutegemea mshahara wa hoteli akabaki na sare yake kwenye msumari.

Kabla hatujapumua ukaja ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu nyingi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Ndugu zetu wa Ganze na Magarini wanajua mifugo iliyokufa. Julai 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200. Halafu Novemba 2023 mvua ikaja kwa hasira, daraja la Mbogolo likaharibika, na barabara ya Mombasa kwenda Malindi ikakatika. Ni hapa hapa kwetu. Mgonjwa wa kupelekwa Kilifi, samaki wa kupelekwa sokoni, mwalimu wa kufika shuleni, wote walikwama.

Kwa hiyo anayesema siku ngumu zinaweza kuja hasemi uongo. Kazi yetu ni kuangalia anasema tufanye nini.

2. Njia iliyoua

Sasa naandika kwa uchungu, kwa sababu baadhi yenu mna jamaa waliopotea kule. Wengine wenu mlikwenda Malindi kutoa sampuli za DNA, mkangoja. Miili ya kwanza ilianza kurudishwa kwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima baada ya makaburi kuanza kufukuliwa Aprili 2023. Miili iliyofukuliwa Shakahola ilizidi 400, na wengi walikuwa watoto. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na wengine walikuwa na dalili za kunyongwa. Na mwaka 2025, tulipodhani tumejifunza, makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro. Suala la hatia tunaliachia mahakama. Sisi tunatafuta funzo.

Funzo la kwanza: wale watu hawakuwa wajinga kutuzidi. Walikuwemo waliosoma, waliokuwa na kazi nzuri. Walimtafuta Mungu, na waliogopa dunia jinsi sisi tunavyoiogopa. Usiwacheke. Ukiwacheka utajiona uko salama, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Funzo la pili: chakula kilikuja mwisho. Sikilizeni yale ambayo waliookoka na jamaa zao wamesema hadharani. Kabla ya chakula kulikuwa na shule, mtoto akatolewa. Kulikuwa na hospitali, dawa ikaitwa dhambi. Kulikuwa na kazi, ikaachwa. Kulikuwa na nyumba na shamba, vikauzwa. Kulikuwa na mama na shangazi waliopiga simu, simu ikazimwa. Mtu alipofika mahali pa kuambiwa asile, hakuwa na mtu wa kumuuliza wala mahali pa kurudi.

Hili si jambo la Kilifi peke yake. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, kulikuwa na kundi lililojiita la Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake walisema dunia itaisha mwaka 1999 ukiisha. Watu wakauza mali zao. Mwaka 2000 ukaingia, jua likachomoza kama kawaida. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu wakateketea ndani ya jengo lao la ibada, na baadaye maiti nyingine zikapatikana kwenye makaburi ya pamoja.

Nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma hii. Kule darasani tulifundishwa kusoma mizania: upande huu ulicho nacho, upande ule unachodaiwa. Ukichukua mizania ya familia iliyoingia Shakahola na kuisoma mwezi kwa mwezi, utaona kila mwezi kitu kinatoka na hakuna kinachoingia. Kwenye biashara tungesema hiyo kampuni inafilisiwa, hata kama mkurugenzi anahubiri vizuri.

3. Biblia inafundisha nini

Kanisa la Thesalonike lilikuwa na shida hii hii. Watu walisikia kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, wengine wakaacha kazi na kuzurura. Paulo alimngoja Yesu kuliko wao wote, lakini soma anachowaambia katika sura ya 3. Anawakumbusha kwamba yeye mwenyewe alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu, na anawaagiza wafanye kazi kwa utulivu na wale chakula chao wenyewe. Anayengoja kurudi kwa Bwana jembe lake linakuwa na udongo.

Yusufu. Farao aliota ndoto ya miaka 7 ya shibe na miaka 7 ya njaa. Yusufu angeweza kusema, "Njaa inakuja, tufunge na kulia." Badala yake anatoa mpango wenye hesabu: sehemu moja ya tano ya mavuno iwekwe ghalani kila mwaka, mji kwa mji, chini ya wasimamizi. Unabii ukageuka ghala. Na jambo ambalo wengi hatulioni: Yusufu hakujifunza kusimamia ghala siku njaa ilipoanza. Alijifunza nyumbani kwa Potifa, akasimamia mali ya mtu. Akajifunza gerezani, akasimamia wafungwa. Siku ilipofika mikono yake ilikuwa imezoea.

Agabo. Katika Matendo 11 nabii huyu anatangaza njaa kubwa, ile iliyokuja siku za Klaudio. Kanisa la Antiokia lilifanya nini? Hawakukimbilia msituni. Kila mtu alitoa kwa kadiri alivyojaliwa, wakakusanya, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Ona pia kwamba mchango ulibebwa na watu 2 waliojulikana, ukafikishwa kwa wazee. Hakuna aliyesema, "Niachieni mimi."

Yeremia. Huyu ndiye ninayempenda zaidi. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu. Yeye mwenyewe amefungwa kwa sababu amesema mji utaanguka, na anajua utaanguka kweli. Hapo hapo Mungu anamwambia anunue shamba la jamaa yake kule Anathothi. Analipa shekeli 17 za fedha, mashahidi wanatia sahihi, na hati inawekwa ndani ya chombo cha udongo ikae siku nyingi. Kijana wetu anayetaka kuuza shamba la babake kwa sababu hakuna kesho, mpendwa, soma sura hii mara mbili. Nabii wa kweli aliona mwisho wa mji wake kwa macho yake, na bado akanunua shamba, kwa sababu Mungu alimwambia watu watarudi kupanda.

4. Wazee wetu walijua kitu

Waliozaliwa kwenye nyumba za Kigiriama wanakumbuka lutsaga, ule uchaga wa juu chini ya paa. Mahindi yalipandishwa pale, moto wa mama ukawaka chini, moshi ukapanda na kufukuza wadudu. Chakula kilikaa juu ya kichwa cha familia, na mwenye nyumba alijua kiasi kilichobaki kwa kuinua macho tu. Mihogo ilibaki ardhini ikisubiri mwezi mbaya. Bibi alijua mtsunga na mnavu, akajua ni majani gani yanaota hata mvua ikichelewa.

Siwaambii mrudi kwenye matambiko ya kaya. Hapo msimamo wa kanisa letu unajulikana. Lakini ujuzi wa kuhifadhi chakula si tambiko. Ni hekima ambayo Mungu aliwapa watu waliopita kwenye njaa nyingi bila lori la msaada kuja. Leo tumejenga mabati, dari ya lutsaga imeondoka, na wengi tunakula kutoka dukani pakiti kwa pakiti. Mabati ni mazuri. Lakini tulipoondoa ghala la juu, tulijenga jingine wapi?

Wakati wa korona, kwenye ziara, niliona nyumba za aina mbili. Nyumba moja ilitegemea mshahara mmoja tu. Ulipokatika, kufikia mwezi wa pili walikuwa wameuza meza. Nyumba nyingine ilikuwa na mshahara huo huo, lakini pia kulikuwa na mihogo nyuma, kuku 10, na mama aliyejua kushona. Hawa nao waliumia, lakini meza haikuuzwa. Wote walikuwa wameokoka, na wote waliomba.

5. Tufanye nini: mambo 5

Kwanza, ghala. Tupige hesabu. Nyumba ya watu 6 ikila kilo 2 za unga kwa siku, gunia la kilo 90 linakaa siku 45. Magunia 2 ni miezi 3. Mwezi wa nane dalali anakuja na pikapu, tunamuuzia yote kwa bei ya chini. Mwezi wa tatu tunakwenda dukani kununua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Usiuze yote. Katika magunia 5, weka 1. Hiyo ndiyo moja ya tano ya Yusufu.

Lakini usihifadhi mahindi mabichi, yatapata kuvu yenye sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiishi kwa kupika. Pima hivi: chukua chupa kavu ya glasi, tia vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, ongeza mahindi, funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Chumvi ikibaki chini, yamekauka. Kisha tumia ile mifuko isiyopitisha hewa, inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Kamua hewa yote, funga kwa nguvu. Dumuzi bila hewa anakufa, na huhitaji kutia dawa.

Wewe ambaye huna shamba, unauza samaki au unaendesha boda, ghala lako ni pesa. Najua moja ya tano ni nzito. Anza na shilingi 20 kwa siku. Siku 6 ni 120 kwa wiki, na kwa mwaka ni zaidi ya 6,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, maji. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ya mabati ni lita 1. Paa la mita 5 kwa 8 likipata mvua ya milimita 20 linatoa karibu lita 800, hata ukipoteza kidogo. Mfereji wa mabati na pipa safi lenye kifuniko ni kazi ya siku moja. Maji ya kunywa chemsha au tia dawa.

Tatu, ujuzi. Kila nyumba ijifunze kitu kimoja kipya mwaka huu, na ijifunze kutoka kwa mtu wa kanisa hili. Tuna mafundi wa pikipiki, washonaji, mama mkunga aliyestaafu, wavuvi wanaosoma upepo. Vijana, ulizeni bibi zenu kuhusu mboga za porini kabla hawajaondoka na ujuzi huo. Na mama aliyeuliza kuhusu karo, hapa ndipo jibu lako lilipo. Karo ni ghala ambalo mwizi hawezi kulivunja. Njaa ilipokuja Misri, mtu aliyejua kuhesabu nafaka ndiye aliyeokoa maisha ya wengi.

Nne, karatasi. Yeremia aliweka hati ndani ya chombo. Chukua hati ya shamba, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki, weka kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, mahali ambapo unaweza kushika na kutoka nyumba ikijaa maji. Piga picha zake, mtumie jamaa mmoja unayemwamini. Wengi wetu hatuna hati ya ardhi. Basi makubaliano ya mauziano au ya urithi yaandikwe, yatiwe sahihi mbele ya mashahidi na mzee wa mtaa.

Tano, jirani. Hakuna nyumba inayovuka njaa peke yake. Kwa hiyo wazee wa kanisa wamekubali kwamba kila ushirika wa nyumbani uweke gunia 1 la pamoja baada ya mavuno, na kapu dogo la pesa la dharura. Pesa hizo zitakuwa na watia sahihi 3 waliochaguliwa na wanaushirika wenyewe, na hesabu itasomwa kila mwezi mbele ya wote. Hazitapita kwenye simu ya mchungaji wala kwenye simu yangu. Na msaada ukihitajika, jirani Mwislamu au asiyekwenda popote naye ana njaa ile ile. Apewe.

6. Kuhusu kufunga

Baada ya Shakahola wengine wanaogopa kufunga na kuomba. Hatuachi. Lakini tuelewane. Kufunga kwetu kuna siku ya kuanza na siku ya kumaliza inayojulikana. Watoto hawafungi. Mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa na anayetumia dawa za kila siku kama za kisukari hawafungi chakula. Anayefunga anakunywa maji. Na soma Isaya 58: kufunga anakokupenda Mungu kunaishia kwa kumegea mwenye njaa mkate wako. Ukiambiwa ufunge mpaka ufe, huyo hakutumwa na Bwana. Mwambie mtu upesi. Niambie mimi, mwambie chifu, nenda polisi.

7. Maswali 4 ya kumpima mwalimu

Nyote mna simu, na mahubiri ya kila aina yanaingia humo usiku. Siwezi kukaa kila nyumba kuchuja. Kwa hiyo ukisikia mtu anafundisha kuhusu mwisho wa dunia, awe wa mbali au awe mimi hapa mimbarini, muulize haya:

Baada ya kumfuata kwa mwezi mmoja, kuna kilichoongezeka nyumbani mwangu au kimepungua?

Ananiruhusu kumuuliza mtu mwingine: mke wangu, mamangu, daktari, mchungaji mwingine?

Mali ninayoambiwa niiache inakwenda kwa nani?

Yeye mwenyewe anafanya anayoniambia? Watoto wake wanasoma? Yeye anakula?

Mwalimu akikasirishwa na maswali haya, umeshapata jibu lako. Paulo alipohubiri Beroya, watu walichunguza Maandiko kila siku kuona kama asemayo ni kweli, na Biblia inawasifu. Tena alikuwa ni Paulo!

Na kwako baba unayetoka nje tukitaja siku za mwisho: nakuomba siku moja ubaki. Shika watoto wako mkono hivyo hivyo, kaa karibu na mlango kama unataka, na uje na maswali haya 4. Kanisa lisilofundisha juu ya siku ngumu linawaachia watu wake wafundishwe na mwingine.

Maswali ya kujadili

1. Mwaka 2020, na daraja la Mbogolo lilipoharibika 2023, nyumbani kwenu mlikosa nini kwanza? Leo mmejiandaa kwa hicho?
2. Katika kisa cha Yeremia, kununua shamba kunamwambia nini mtu anayesema hakuna kesho?
3. Kuna mtu kwenye ushirika wenu au jamaa yenu aliyeanza kujitenga, kutoa watoto shuleni au kukataa dawa? Ni nani atakayemtembelea juma hili, wawili wawili, kwa upole?
4. Nani katika kundi lenu ana ujuzi ambao wengine hawana? Mtajifunza lini?

Kazi ya juma: kila nyumba ihesabu ina chakula cha siku ngapi, iandike namba hiyo kwenye karatasi. Usione aibu kama ni siku 2. Ndipo tunapoanzia.

Tuombe

Baba, wewe ulimpa Yusufu hesabu na Yeremia hati ya shamba. Tupe macho ya kuona kamba ya kisima ikirefuka, na mikono ya kufanya kazi tukikungoja. Wafariji ndugu zetu ambao bado wanangoja kuzika watu wao. Linda watoto wa Kilifi na kila mtu anayetumia jina lako kuwaua. Na uje, Bwana Yesu. Ukija utukute tumepanda, na majirani zetu wamekula. Amina.